Tulimwimbia Mama Nyimbo za Mpunga

Mama alifariki asubuhi, baada ya uji, nyumbani kwangu Kibaoni, Ifakara. Alikunywa vijiko vichache, akageuza uso ukutani kama alivyofanya kila alipotosheka, na nilipomaliza kuosha kikombe na kurudi chumbani nikakuta hapumui tena. Nilikaa kitandani pembeni yake nikamshika mkono. Sikulia papo hapo. Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa nafuu, na nakisema bila kuona haya, kwa sababu watu wengi waliouguza wazazi wao wameniambia nao walikisikia. Mama alikuwa ameteseka muda mrefu. Sasa ilikuwa basi.

Kwa mama tulibaki wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume anayefanya kazi Dar es Salaam. Nilimpigia yeye kwanza. Nikasikia honi za magari nyuma yake, halafu akasema, "Dada, wewe shughulikia mambo mengine. Muziki niachie mimi. Mama hazikwi kimyakimya."

"Muziki gani?"

"Kuna vijana wako hapo hapo Ifakara, wana kinanda, spika kubwa, jenereta yao wenyewe. Wanapiga na kuimba wenyewe, siyo za kwenye flashi. Nimewaona kwenye msiba wa baba yake rafiki yangu. Walipoanza, hakuna aliyebaki na macho makavu."

Nikamwambia sawa. Wakati ule ungeniambia lolote ningesema sawa.

Lakini neno hilo la muziki lilinifuata siku nzima. Nililisikia nikiwa hospitali tulipompeleka mama kuhifadhiwa, nikalisikia nikiwa nafunga mizigo ya kwenda Mofu, kijijini kwetu, ambako tulikuwa tumzike karibu na baba. Nadhani ningeweza kuvumilia jeneza lolote, chakula chochote, hotuba ndefu za watu ambao hawakumjua. Muziki ndio ulikuwa unanikaba, na ili nieleweke lazima nieleze jinsi mama alivyokuwa ameishi miaka yake ya mwisho.

Mama alikuwa mkulima wa mpunga. Kiharusi kilimkuta akiwa anapalilia, kikamwacha na upande wa kulia uliolegea na mdomo usiotoa neno. Nikamchukua nije kukaa naye Kibaoni, ambako nina cherehani yangu barazani na nashona nguo za watu. Akili yake haikuguswa. Alielewa kila nilichomwambia. Ila akitaka kujibu alitoa "ta, ta, ta" tu, akijilazimisha mpaka mishipa ya shingo inasimama, kisha machozi yanamtoka kwa hasira. Nilikuwa nabahatisha: maji? dirisha? anataka kugeuzwa? Mara nyingi nilibahatisha vibaya.

Siku moja nilikuwa barazani nashona upindo wa gauni nikasikia mtu anaimba ndani. Sauti nzima, maneno kamili, ya Kindamba, lugha yetu ya nyumbani. Nikajua mgeni amepitia mlango wa nyuma. Nikasimamisha cherehani, nikaingia. Chumbani hapakuwa na mgeni. Mama alikuwa amelala chali, macho ameyafumba, anaimba wimbo wa kuamia ndege, na hakuna neno hata moja lililokuwa linamkwama.

Kwa asiyejua mambo ya bondeni kwetu: mpunga ukianza kujaa, ndege wadogo hushuka kwa makundi kama moshi, na mtu akizubaa kidogo hana mavuno. Basi kila familia hujenga dungu, kichanja cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, na mtu hukaa pale toka alfajiri mpaka jua linazama, akiwa na kombeo lake na madebe yaliyofungwa kwenye kamba. Kazi yenyewe ndiyo kuamia. Inachosha na ina upweke, kwa hiyo wanawake huimbiana kutoka dungu hili hadi lile. Mmoja anawafukuza ndege kwake na kuwatupia jirani, jirani naye anawakataa. Nyimbo zenyewe naziweka hapa kwa Kiswahili, ingawa utamu mwingine unamwagika njiani:

Mwenye tumbo dogo, kwangu hakuna chako,
nenda kwa jirani, anapika vizuri kuliko mimi.

Na jirani, kutoka mbali, anajibu:

Usimlete kwangu, jirani, usimlete kwangu,
wa kwangu hawajashiba, wa kwako nitampa nini?

Nesi wa mazoezi alipokuja nilimsimulia nikidhani atanicheka. Hakucheka. Alisema ameona wagonjwa wengine wa namna hiyo, maneno ya kusema yamepotea lakini ya kuimba yamebaki, kama vile yamewekwa chumba kingine. "Mwache aimbe," akasema. "Na wewe mwitikie."

Kuanzia hapo tukapata lugha. Mama hakuweza kutunga maneno mapya, lakini alikuwa na nyimbo nyingi, na alichagua mstari kama mtu anavyochagua sarafu mfukoni. Akiwa na njaa aliimba wimbo wa kutwanga mpunga. Akiumia mgongo aliimba ule wa kupandikiza, wenye mstari wa kuinama na kuinuka. Kuna jirani yangu mmoja, mwanamke mwema lakini akikaa haondoki, mama akimchoka alifumba macho akaanza, "nenda kwa jirani, anapika vizuri kuliko mimi." Jirani hajui Kindamba. Alikuwa anapiga makofi na kusema, "Mama leo kachangamka!" Nami nalazimika kukimbilia jikoni nikachekee huko.

Mdogo wangu hakuyajua haya, na si kwamba sikumwambia. Alipelekwa shule ya bweni mapema, na Kindamba chake ni cha salamu tu. Siku mama alipoanza kuimba vizuri nilimpigia kwa furaha, nikamwekea mama simu sikioni. Nikamsikia mdogo wangu akisema, "Shikamoo mama. Mama, unanisikia? Ni mimi." Mama akafumba macho akamwimbia wimbo mzima, kwa sauti ya chini. Halafu simu ikakatika. Baadaye akaniandikia ujumbe: Dada, usiniwekee tena, siwezi kumsikia akiwa hivyo. Alidhani akili zimemtoka. Nilijaribu kumweleza, lakini kila nilipoanza aliniuliza habari za dawa, au mvua, au bei ya mchele.

Sasa mama amekufa, na mdogo wangu anataka kuleta spika.

Mchana ule ule mwalimu wa kwaya ya kigango chetu alikuja kunipa pole. Ni mtu mpole, mrefu, na mimi ndiye ninayewashonea sare, kwa hiyo nawajua wote mpaka vipimo vya mabega. Alikaa barazani karibu na cherehani, akasema kwaya iko tayari kusafiri hadi Mofu kumzika mama.

Nilimshukuru. Halafu, sijui kwa nini, nikamweleza ukweli. Nikamwambia kwamba mdogo wangu ameshaita watu wa kinanda, na kwamba mimi mwenyewe sitaki kinanda wala, anisamehe, sitaki sana kwaya. Nataka wazee waliokuwa wanaamia ndege na mama waje wamwimbie zile nyimbo. Na kwamba sijui kama ni jambo la heshima au ni uchovu tu unanisemesha.

Nilitegemea atakasirika. Akanitazama, kisha akapumua kwa nguvu kama mtu aliyetua mzigo.

"Fundi," akaniambia, "nusu ya waimbaji wangu bado wako mashambani wanavuna. Nilikuja kwa sababu niliona aibu kutokuja. Nilikuwa najiuliza nitapata wapi sauti ya nne."

Tukacheka wote wawili, kicheko cha kwanza cha siku ile. Tukakubaliana aje na wachache aliokuwa nao, bila kinanda, ila kwa ngoma ndogo na kayamba tu. Wataimba mwanzo wa ibada na mwisho wake. Katikati waniachie mimi.

"Na mdogo wako?" akauliza akiwa anainuka.

"Huyo bado," nikasema.

Kesho yake nilitangulia Mofu. Nyumba ya mama ilikuwa imejaa watu tayari, turubai limefungwa, wanawake wako jikoni chini ya mama mdogo. Mama mdogo ni mdogo wake mama wa tumbo moja, mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika mtoni, na msiba wowote ukitokea yeye ndiye jemadari. Nikamsalimia, tukalia pamoja kidogo, akaniachia pindo la kanga yake nishike mpaka nikatulia. Kisha nikaenda kuwatafuta mabibi.

Waliobaki, wa wale waliopakana na mama mashamba, walikuwa watatu. Nilimkuta bibi mrefu, ambaye dungu lake lilikuwa linafuata la mama, na bibi mmoja ambaye siku hizi hasikii vizuri, na wa tatu, mnyamavu, wamekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba wanachambua mchele.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu. Pole. Pole sana."

"Nimekuja kuwaomba mumwimbie mama."

"Tutaimba," bibi mrefu akasema. "Kwaya ikianza tutafuata."

"Siyo za kwaya, bibi. Zile za shambani."

Wakatazamana. "Za ndege?"

"Za ndege."

Bibi mrefu akacheka, akajiziba mdomo haraka. "Mwanetu, zile zina maneno. Tulikuwa tunatukanana mle."

Mama mdogo alikuwa amesikia kutoka jikoni. Akatoka na mwiko mkononi. "Mama yako amebatizwa," akaniambia, "amefunga ndoa kanisani, leo azikwe kwa nyimbo za kufukuzia ndege? Watu watasema nini? Watasema watoto wake wameshindwa hata kumtafutia kwaya."

Nilikaa tu kwenye mkeka, nikachukua ungo, nikaanza kuchambua mchele nao, na huku mikono ikifanya kazi nikawasimulia. Walikuwa wamewahi kuja Kibaoni kumwona, mara zote wakamkuta kalala au kachoka, wakaondoka wakijua dada yao amekuwa bubu. Nikawaambia jinsi alivyokuwa anaomba chakula. Nikawaambia habari za jirani yangu na makofi yake. Mabega ya bibi mrefu yakaanza kutikisika kwa kicheko, na machozi yakawa yanamdondokea mcheleni.

"Anasema nini?" akauliza bibi asiyesikia.

Bibi mrefu akamwinamia sikioni, akapaza sauti. "Anasema alikuwa anaimba zile za kwetu huko mjini! Kila siku! Peke yake, hakuna wa kumwitikia!"

Bibi asiyesikia akaweka ungo chini. Akafikiri.

"Basi tumwitikie," akasema.

Mama mdogo aliutazama mwiko ukidondosha mchuzi mavumbini. "Katekista aulizwe," akasema mwishowe, akarudi jikoni.

Katekista, aliyekuwa aongoze ibada kwa vile padre alikuwa safarini, nilimkuta kaburini akiangalia vijana wanavyochimba. Ni mzee wa pale pale Mofu. Nilimweleza kwa kirefu kuliko ilivyohitajika, maana nilikuwa naogopa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Zina matusi?"

"Mistari mingine."

"Hiyo iacheni. Nyingine waimbe baada ya sala ya mwisho, jeneza likiwa bado juu. Mimi nitakaa kimya mpaka wamalize." Kisha akatabasamu kidogo. "Nami niliwahi kukaa dunguni. Unadhani tulikuwa tunaimba nini kule?"

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kiasi kwamba nilisahau kuvaa ndala nilizozivua kaburini, ikabidi mtu aniletee. Ila palibaki pagumu. Mdogo wangu alifika mchana na gari ya rafiki yake, macho mekundu, shati la ofisini limejaa vumbi. Alikumbatiwa na kila mtu. Alipopata nafasi tu akaniambia, "Wale vijana wanakuja kesho asubuhi. Nimewaambia spika ziwe mbili, moja ielekee barabarani."

Nikamshika mkono, nikamwingiza stoo, mahali pekee pasipokuwa na watu. Mpunga wa mama mdogo wa msimu ule ulikuwa umeshavunwa na magunia yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari. Tukakaa juu ya magunia kama tulivyokuwa tukikaa utotoni tukikwepa kazi.

"Mdogo wangu, sitaki wale vijana waje."

"Kwa nini? Dada, hata hili nisifanye? Wewe umemwogesha, umemlisha. Mimi nimefanya nini? Angalau watu wasikie kwamba mama yangu anazikwa."

Sikujua kwamba ndivyo alivyokuwa akijihesabia. Nikamwambia kwamba nimewaomba mabibi wamwimbie nyimbo za mpunga.

Uso ukambadilika. "Zile alizokuwa anaimba alipochanganyikiwa?"

"Hakuchanganyikiwa. Ndivyo alivyokuwa anaongea."

"Mimi nilimsikia, dada. Nilimwambia ni mimi, yeye akaimba. Hakunijua."

"Unajua alikuimbia nini?"

Akatikisa kichwa.

Basi nikamwimbia. Sina sauti, lakini niliimba wimbo ule kwa Kindamba, taratibu, halafu nikamweleza mstari kwa mstari. Ni wimbo wa jioni, ndege wakishakwenda kulala, mama akiwa anapita chini ya dungu kumwita mtoto aliyeshinda juu peke yake:

Shuka, mwanangu, shuka,
ndege wamekwenda kulala,
mpunga umebaki, jua limekwisha,
shuka tukale.

"Nyimbo alikuwa nazo nyingi," nikamwambia. "Angeweza kuimba yoyote. Mimi hakuwahi kuniimbia hivyo, mimi aliniitia njaa yake tu. Ule wimbo wenye neno mwanangu alikuimbia wewe."

Mdogo wangu aliegemea magunia akafunika uso kwa mikono yote miwili. Alilia kwa muda mrefu, kilio cha mtu mzima, kisichopendeza kukisikia, nami nikakaa pembeni yake nikimsugua mgongo. Nje mama mdogo alikuwa anagombana na mtu kuhusu kuni. Alipomaliza kulia alijifuta kwa mkono wa shati, akatoa simu, akatoka kutafuta mtandao nyuma ya nyumba. Nikamsikia akisema, "Samahani sana, wadogo zangu. Familia imeamua vingine." Familia. Nikapumua.

Kesho yake gari lililomleta mama lilifika kabla jua halijakali. Mwalimu wa kwaya alishuka na waimbaji wake, wachache kweli, na mmoja amevaa sare niliyojua haijatiwa vishikizo kwa sababu vishikizo vilibaki mezani kwangu. Waliimba wimbo wa kuingia kwa sauti za kawaida, bila kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza msibani nikasikia maneno yote. Katekista alisoma, akasema machache kuhusu mama, ya kweli, kwamba alikuwa mkali kwa mbuzi wa watu na mpole kwa wenye mbuzi. Tukaenda kaburini, mwisho wa kiwanja cha nyumba. Sala ya mwisho ikasomwa. Katekista akafunga kitabu, akanitazama, akarudi nyuma hatua moja.

Nilikuwa nimewapangia mabibi wasimame kichwani mwa kaburi, pamoja. Hawakusimama pale. Bibi mrefu alijikongoja mpaka kwenye migomba. Yule mnyamavu akaenda kusimama karibu na kichuguu upande wa barabara. Na bibi asiyesikia akaenda mbali kabisa, nyuma ya jiko. Watu wakaanza kugeuza shingo. Mama mdogo akaninong'oneza, "Wanakwenda wapi?"

Ndipo nikaelewa. Hawakujua kuziimba wakiwa pamoja. Maisha yao yote waliziimba kutoka mbali.

Bibi mrefu akaanza. Sauti yake ilikuwa imechakaa, lakini ilikuwa na ile nguvu ya mtu aliyezoea kurusha sauti juu ya shamba. Akawafukuza ndege kwake, akawatupia jirani. Kisha akanyamaza asubiri jibu.

Jibu halikuja. Bibi asiyesikia alikuwa amesimama kule nyuma ya jiko, kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza, na ilikuwa wazi hajasikia kitu. Mtu akakohoa. Nikaona jinsi watakavyosimulia: alikataa kinanda, alikataa spika, akatuletea vibibi visivyosikiana.

Mdogo wangu akatoka kwenye mstari wa wafiwa. Alitembea mbele ya watu wote, suti nyeusi na viatu vya mjini, akapita migomba, akafika nyuma ya jiko kwa yule bibi, akamgusa bega. Bibi akashtuka. Kisha akainua kidevu na kulipuka kwa sauti kubwa kuliko sauti zote nilizozisikia siku zile:

Usimlete kwangu, jirani, usimlete kwangu!

Mtu akacheka. Mwanamume, nyuma kabisa. Nilidhani anatudhihaki. Lakini pembeni yake mwingine akacheka, kisha mwanamke mmoja mzee akapiga kigelegele, na nikaona nyuso za wenyeji wa pale zikifunguka moja baada ya nyingine, kwa sababu wote walishakaa dunguni, wote walishatupiwa ndege wa jirani. Yule bibi mnyamavu akapokea kutoka kwenye kichuguu. Wimbo ukawa unazunguka juu ya vichwa vyetu, kutoka migombani hadi jikoni hadi barabarani, nasi na jeneza tuko katikati, na watu wakawa wanacheka na kulia bila kuchagua. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameinua kichwa, mdomo wazi, anageuka kila sauti ilikotoka.

Kisha bibi mrefu akashusha sauti, akaanza ule wa jioni. Shuka, mwanangu, shuka. Hapo kicheko kikaisha chenyewe. Vijana wakashika kamba, katekista akawaitikia kwa kichwa, na mama akashuka taratibu, wimbo ukiwa bado unaendelea. Mdogo wangu alibaki kule nyuma ya jiko, amemshika yule bibi mkono. Niliona midomo yake ikicheza. Maneno hakuwa nayo yote.

Baadaye kwaya ikafunga ibada, na ngoma yao ndogo na kayamba zikawasindikiza watu mpaka kwenye chakula. Nilikuwa najiandaa kwa lawama. Nikamfuata mama mdogo kwenye masufuria, nikakaa chini nimsaidie kuosha, nikamwambia, "Mama mdogo, kama nimekosea unisamehe."

Hakunitazama. Alikuwa anasugua ukoko.

"Ule wa jioni wameukata," akasema. "Una ubeti mwingine. Unaita na wale wa ng'ambo ya mto." Akaendelea kusugua. Kisha, bila kuinua kichwa, akauimba huo ubeti, wote, sauti yake ile ya kufika mtoni ameibana iwe ndogo kama ya msichana, na kijiko cha chuma kikigonga sufuria pale panapotakiwa. Wanawake waliokuwa wanaosha wakasimamisha mikono. Mdogo wangu, aliyekuwa anapita na ndoo, akaitua, akachuchumaa.

"Mama mdogo," akamwambia, "rudia. Pole pole, nishike."

Akarudia. Akamsahihisha Kindamba chake, akamwambia anatamka kama mtu wa redioni, akarudia tena.

Niliwaacha hapo. Nilikuwa nimeishiwa nguvu ghafla. Nikaingia nyumbani kwa mama mdogo, hatua chache kutoka pale, chumba cha uani, nikajinyoosha kitandani na kanga zangu za msiba na vumbi la kaburini. Kwa miaka yote ile nilikuwa nalala sikio moja liko macho, nikisubiri kuitwa. Mchana ule nilisikia watu wakiongea uani, sahani, mbuzi wa mtu akifukuzwa, gari la kwaya likiwashwa. Hakuna aliyekuwa ananihitaji. Nililala mpaka jua lilipopoa, na nilipoamka mtu alikuwa amenifunika shuka na kuniwekea chai mezani, imeshapoa. Nikainywa hivyo hivyo, yote.